Ukuta Uliokunywa Maji

Nakumbuka siku ile mama mmoja wa Kimaasai alipoweka kiganja chake kwenye ukuta wa nyumba yangu mpya, akakiacha pale kitambo kama anayempima mtoto homa, kisha akasema chumba hakitaki. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwanangu, nimesimama mlangoni na funguo mkononi, na haikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kuikataa nyumba ile. Siku hizi kila nikisali nalitaja jina lake. Siku ile nilimcheka.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana sisi wazee tukianzia katikati tunapotea wenyewe.

Mimi nilikuwa mnyapara wa wakata miwa kule Ruhembe. Kazi ya miwa ni jua na masizi. Ukifika jioni unakohoa vitu vyeusi na mgongo hautaki kunyooka. Kila msimu ulipokwisha nilijiapiza kwamba sitazeekea kwenye mashamba ya watu. Nitajenga vyumba vya kupangisha hapa Kilosa mjini, Mabwerebwere, nami nikae kibarazani niitwe baba mwenye nyumba. Jina hilo nililitamani kuliko nyama. Nikapata kiwanja upande wa bondeni, kule ambako maji ya masika hupita kwenda mtoni. Watu walikuwa wamekiruka miaka na miaka, nami nikajiona mjanja kuliko wote kwa kukiona wa kwanza.

Fundi aliniambia tufyatue matofali, tujenge tanuri, tuyachome, tusubiri yapoe. Nikamwambia nani ana muda huo? Mwaka mpya ulikuwa unakaribia, na mwaka mpya ndipo walimu na maafisa wanapohamishiwa mjini na kutafuta vyumba. Nikataka nyumba iwe tayari kuwapokea. Basi tukajenga kwa matofali mabichi, juu ya msingi wa mawe mistari miwili tu, halafu tukaivisha nyumba nzima plasta ya simenti, nje na ndani. Juu nikapaka rangi ya maziwa, chini bluu. Ukiitazama toka barabarani ungedhani ni ofisi ya kata. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo nilifundishwa shuleni na nikaipata kwenye mtihani, ila haikunifaa kitu mpaka nilipoijenga kwa mikono yangu.

Vyumba vilikuwa vinne. Kimoja nikakaa mwenyewe, vitatu nikatafuta wapangaji. Na hapo ndipo kiburi changu kilipopata kazi, kwa sababu mnyapara akishazoea kupanga watu mstari, hawezi kuacha. Kila aliyekuja nilimsimamisha uani nikamhoji kama anayeomba kazi. Lakini ukweli ni kwamba maswali yale yalikuwa mapambo. Nilikuwa nimeshaamua kabla hajafungua mdomo, kwa kumtazama viatu. Wa kwanza alikuja na viatu vinavyong'aa na mkoba wa ngozi, nikampa ufunguo hata barua ya utambulisho sikumwomba, nikaona aibu kumwuliza mtu wa heshima vile anatoka wapi. Mwezi haukuisha chumba kikajaa samaki wakavu kutoka Kilombero, wamepangwa toka sakafuni hadi darini, na yule bwana mwenyewe analala kwingine. Alipoondoka, paka wa mtaa mzima walikaa mlangoni kwangu wakilia kama wafiwa. Hata hivyo sikujifunza kitu. Nilisema tu kwamba bahati mbaya humpata kila mtu.

Ndipo akaja yule mama. Alikuwa amevaa shuka lake la bluu, ushanga shingoni, kandambili za tairi zenye vumbi la kutoka mbali. Alitafuta chumba cha mabinti zake wawili waliopata nafasi ya kusoma mjini. Nyumbani kwao ni huko tambarare, na kutembea kila siku isingewezekana. Bibi yao angekaa nao. Kwa umri alikuwa sawa na mama yangu mdogo. Nilipaswa kumwamkia kabla ya neno lolote, na hapa kwetu mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Mimi nikamwita tu mama kwa Kimaasai, "Yeyo, umepotea?"

Akasema hajapotea, anatafuta chumba. Nikamfungulia cha mwisho, kile cha upande wa bondeni, nikitaka tu akione aende, maana moyoni nilikuwa nimeshasema kwamba mfugaji akiingia leo, kesho kuna ndama uani. Hakutazama rangi. Hakutazama dirisha lenye nondo ambalo nililionea fahari sana. Alienda moja kwa moja kwenye ukuta, akaweka kiganja, akasogea hatua, akakiweka tena chini karibu na sakafu. Akagonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Mwisho akanusa.

"Baba, ukuta huu unakunywa maji," akasema. "Siwezi kulaza watoto hapa."

"Hiyo simenti, yeyo," nikamjibu. "Simenti hainywi."

"Simenti ni nguo. Mimi nimeushika mwili." Akajifuta mkono kwenye shuka, akaniaga kwa adabu ambayo mimi sikumwonyesha, akaondoka zake.

Nilicheka mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Mtu anayelala kwenye nyumba ya udongo na mavi ya ng'ombe ameikataa nyumba yangu ya simenti! Kicheko kile nilikibeba hadi Masanze kwa mjomba wangu Yusufu, kwa sababu habari tamu haiishi utamu mpaka uipeleke kwa mjomba. Sisi ukoo wetu ni wa upande wa mama, mwanangu. Baba anakulea, lakini mjomba ndiye mwenye kauli ya mwisho, na mtoto wa dada ndiye mrithi. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikaketi, nikasimulia yote, nikaigiza hadi namna yule mama alivyonusa.

Mjomba hakucheka. Aliendelea kupukuchua hindi lake mpaka likaisha.

"Ulimwamkia?" akauliza.

"Nani, mjomba?"

"Huyo mama. Ulimwamkia shikamoo?"

Nikainama kuokota punje zilizotawanyika.

"Basi hata mlango wa maneno hukuufungua," akasema. "Sasa nisikilize. Kwa Wamaasai nyumba hajengi mwanamume. Anajenga mwanamke, na anaikandika mwanamke, na ikivuja mvua yeye ndiye anayelala na watoto waliolowa. Huyo ameshika kuta za udongo tangu hajavunja ungo. Wewe umezishika tangu mwaka jana. Yeye anaujua ukuta mgonjwa kama wewe unavyoujua muwa usiokomaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekujia na dawa mpaka chumbani, nawe umemcheka. Nenda ukamtake radhi. Na umwombe arudi aushike tena ukuta huo, safari hii umsikilize."

Nilimjibu, "Ndiyo, mjomba." Mdomo ulisema ndiyo, miguu ikarudi Mabwerebwere ikatulia. Ningemtafuta wapi Mmaasai tambarare yote ile, nikajiambia. Na nikimpata, nitamwambia nini, mimi mtu mzima mwenye nyumba? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mara nyingine, mwanangu, guu linalokaribia kuvunjika si lake.

Kwa maana wiki ile ile nilimpata mpangaji niliyekuwa nikimwota. Aliitwa Veronika, mwalimu mpya wa shule ya msingi, mpole, barua yake ya ajira mkononi na viatu vimepigwa rangi. Mumewe alikuwa na kazi ya barabara upande wa Mikumi, akija mara moja moja. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike wa miezi miwili. Nikampa kile chumba cha mwisho. Alipanga vitu vyake vizuri, na kitanda akakisukuma hadi kwenye ukuta wa bondeni, mbali na dirisha, ili mtoto asipigwe na upepo.

Baada ya siku kadhaa alinifuata kibarazani. "Baba mwenye nyumba, ukuta wangu unatoa jasho." Nikamwambia nyumba mpya zote ndivyo zilivyo, itazoea. Nikaenda kutazama. Kweli, chini kulikuwa na madoa kama ramani, na rangi imeanza kuvimba. Unajua nilifanya nini? Naona haya kukuambia, lakini nasaha isiyo na aibu ya msemaji ndani yake haina chumvi. Nilikwenda kununua kopo la rangi ya bluu, nikayapaka yale madoa. Mwalimu akanishukuru. Akanishukuru, mwanangu, kwa kumfichia.

Masika ya mwaka ule yakaingia kwa hasira. Mvua ilinyesha siku nne, ikipumzika tu kiasi cha mtu kwenda dukani na kurudi. Siku ya tano, mchana, nikiwa kibarazani natazama maji yanavyopita nyuma ya nyumba, nikawaona watu wawili wanakuja wamelowa hadi kiunoni. Mmoja mjomba Yusufu, na fimbo yake. Wa pili yule mama. Mjomba aliposikia mvua zile hakungoja tena miguu yangu. Alikwenda mwenyewe kwenye mnada wa ng'ombe, akauliza mmoja hadi mwingine mama mwenye mabinti wawili wanaotafuta chumba mjini, mpaka akampata. Aliitwa Mama Naserian. Na yeye, aliyechekwa, alikubali kutembea kwenye tope lile lote kwa ajili ya nyumba ya mtu aliyemcheka.

"Shikamoo, mama," nikasema. Nilichelewa, lakini nilisema.

"Marahaba," akajibu, na hakukuwa na kinyongo sautini mwake. Akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Akaomba fimbo ya mjomba, akainama, akaisukuma chini kwenye plasta yangu ya bluu. Plasta ikabanduka kipande kizima kama ukoko, na fimbo ikaingia ndani ya tofali bila kugoma, kama kidole kwenye ugali. Akaichomoa ikiwa na tope.

"Nani analala upande huu?"

"Mwalimu," nikasema. "Na mtoto wake."

"Watoke. Sasa hivi."

Mwanangu, nitakueleza kitu ambacho sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nilisita. Majirani walikuwa wamejaa kwenye vibaraza vyao wanajikinga na mvua na kututazama. Niliona kwamba godoro la mwalimu likitoka mle ndani, Mabwerebwere nzima itajua nyumba ya mnyapara ni tope lililopakwa rangi. Nani atapanga kwangu tena? Nikasema, "Tungoje mvua ikatike, tutawahamisha taratibu."

Mjomba akanitazama. Hakupandisha sauti. "Mtoto yule angekuwa wa dada yako," akasema, "ungengoja?"

Kwetu sisi hakuna swali zito kuliko hilo. Nikaenda kugonga mlango.

Veronika alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Nikamwambia, "Mwalimu, chukua mtoto utoke." Aliinuka na mtoto anachuruzika maji, akaangalia nyuma yangu akaona watu, na uso wake ukabadilika. Alidhani namfukuza. "Baba mwenye nyumba," akasema, "nimekosa nini?"

Nilizoea kuwauliza wapangaji maswali. Hilo lilinipata bila kinga. Nikaona mama mchanga, ugenini, mvua inanyesha, anajitafuta kosa ambalo hakulifanya, na mkosaji amesimama mbele yake. Nikajibu kwa sauti ambayo kila kibaraza kiliisikia. "Hujakosa lolote. Nimekosa mimi. Nyumba hii niliijenga vibaya, na dalili nilipoziona nikazipaka rangi. Nisamehe, toka."

Mama Naserian alimpokea mtoto akamfunika kwa shuka lake. Majirani niliowaogopa ndio waliokuja kubeba kitanda na vyombo. Mama Naserian akapita chumba hata chumba, anaweka kiganja; vile viwili vilivyokuwa vitupu akavikataa. Cha kwangu, kilicho upande wa juu, akasema kitavumilia, tukamhamishia mwalimu humo. Mimi nikajisitiri kwa jirani.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ukuta wa bondeni ukaanguka. Hata haukutoa kishindo kikubwa. Ilikuwa sauti ya gunia la mahindi linapotuliwa chini. Nilikimbia nikachungulia. Ulikuwa umeangukia ndani, wote, na tope limejaa pale pale kilipokuwa kitanda, limefika usawa wa goti langu. Nikakaa chini kwenye maji nikalia kama mtoto. Veronika akaja na binti yake mgongoni, akatazama. Kisha akasema, "Asante kwa kututoa." Sijawahi kupokea shukrani iliyoniumiza namna ile, wala iliyonifundisha namna ile. Nikamwambia wa kushukuriwa si mimi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wasemavyo, nami nilijenga kuta zote nne. Kiangazi kilipofika nilichoma matofali, na safari hii nilingoja tanuri lipoe lenyewe. Fundi ni yule yule niliyemharakisha mwanzo. Mama Naserian alikuwa akija siku za mnada, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatutazama. Alituambia tuanzie kwenye maji, kwamba mtaro uchimbwe kabla ya msingi. Msingi tukaupandisha hadi magotini kwa mawe. Paa tukalitokeza nje ili mvua isipige ukuta. Chumba cha jikoni, ambacho tulikiacha cha udongo, tulikipiga lipu ya udongo na chokaa. Alisema ukuta wa udongo ukiuziba kwa simenti hauwezi kupumua, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Fundi alibisha kidogo, halafu akaacha kubisha.

Nyumba ilipokwisha nikamwambia chumba cha kwanza kuchagua ni chake. Unadhani alichukua ufunguo? Aliketi akanihoji mimi. Akauliza maji ya mvua yanakwenda wapi. Akauliza nani aliishi hapa kabla na kwa nini aliondoka. La mwisho akauliza, "Binti yangu akikuambia kitu kimeharibika, utamkasirikia?" Nikajibu yote matatu kwa ukweli, na la pili nililijibu nikitazama chini. Ndipo nami nikamwomba barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji chake, kama nilivyomwomba Veronika alipofunga mkataba upya na kama nilivyomwomba kila mtu baada ya hapo. Akaileta juma lililofuata. Mabinti zake walikaa kwangu hadi wakamaliza shule, na ndama hakuna aliyewahi kukanyaga uani.

Sasa, mwanangu, nasikia mnajenga sana siku hizi. Reli mpya imeleta watu Kilosa, na Mikumi kandokando ya barabara kuu vyumba vinaota kama uyoga. Madereva wanatafuta pa kulala, vijana wanaotembeza wageni wanatafuta pa kuishi. Ni jambo jema. Nyumba ya kupangisha imenisomeshea watoto na imenizeesha kwa heshima, na sina la kumdai Mungu. Ila nisikilize kidogo kabla hujapaka rangi.

Ukitaka kuboresha chumba, anzia pale ambapo macho hayafiki. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Vijana wengi mnaweka vigae vya kung'aa sakafuni na choo kikiwa ni cha kumtia mtu aibu, au dari la urembo chini ya bati linalovuja. Tengeneza kwanza mtaro, paa, choo na maji. Kila chumba kipe luku yake, mita yake ya umeme, maana nimeona ndugu wa damu wakinuniana kwa ajili ya pasi ya umeme. Wewe wa Mikumi uliye karibu na mbuga, usimruhusu mpangaji kurundika mahindi chumbani. Tembo akiyanusa hatabisha hodi, atapita ukutani. Vigae vitakuja baadaye, navyo si dhambi.

Na mpangaji mchuje, ndiyo. Sikuambii ufungulie kila apitaye. Yule bwana wa samaki alinifunza hilo na pua yangu bado inakumbuka. Mwombe kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji alikotoka. Mpigie simu mwenye nyumba wake wa mwanzo, umwulize jambo moja tu: angekubali arudi? Andikeni mkataba, mbele ya shahidi, useme nani anatengeneza nini kikiharibika. Dalali asikuharakishe, haraka haraka haina baraka. Lakini maswali yawe yale yale kwa wote, mwenye mkoba wa ngozi na mwenye shuka, Msukuma aliyekuja juzi na ng'ombe wake na mwenyeji aliyezaliwa hapa. Ukimwonea mmoja haya na mwingine ukamdharau, hujamchuja yeyote. Na aliyekuzidi umri mwamkie kabla hujamwuliza jina.

Akija mtu akakikataa chumba chako, usimcheke wala usinune. Mkimbilie umwulize sababu. Wanaoondoka kimya ndio wanaojua tatizo la nyumba yako, na kuuliza si ujinga. Na mpangaji akikwambia ukuta unatoa jasho, mwanangu, nakuomba kwa jina la kila unayempenda, usichukue brashi. Chukua sururu uone ndani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi hii yetu kifo kinaweza kumwumbua mwenye nyumba kwa kumchukua mtoto wa mwenzake.

La mwisho ndilo kubwa. Kabla hujamhoji mtu yeyote, kihoji chumba chenyewe. Subiri mvua za masika, chukua mkeka wako, ukalale humo wewe, kichwa kwenye ukuta ule ambao mama atasukumia kitanda cha mtoto. Ukipata usingizi, pangisha. Usipoupata, jenga upya, hata kama umeshapaka rangi, hata kama mtaa mzima unakutazama.

Mungu aizidishie kazi ya mikono yako, mwanangu. Akujaalie watu wa kukukemea ungali na nafasi ya kusikia, kama alivyonijaalia mimi mjomba na yule mama. Na akupe wapangaji wanaokugongea kila asubuhi kulalamika kwamba bomba linavuja na kitasa kimelegea, uwasikie wote, na kila anayelalamika umhesabu kuwa ameamka salama. Amina.